Makaa ya Mawe, Gesi na Mkaa: Swali la Nishati na Jirani katika Pwani ya Kilwa

Utangulizi

Mchungaji anayetumwa kuhudumu Mitole, katika wilaya ya Kilwa, hatakuta huko mgodi wa makaa ya mawe wala mtambo wa kuyachoma. Huenda basi akajiuliza: kwa nini mjadala wa ulimwengu juu ya makaa ya mawe uwahusu watu wa kata ya vijijini, ambao shughuli zao ni mihogo, ufuta na korosho?

Jibu ni kwamba watu wa Mitole wanaishi katikati ya mioto mitatu. Wa kwanza ni moto wa kuni na mkaa, unaotoka katika misitu yao wenyewe. Wa pili ni moto wa gesi ya asili, inayotoka chini ya kisiwa cha Songo Songo katika wilaya yao na kupelekwa Dar es Salaam. Wa tatu ni moto wa makaa ya mawe ya Mbinga, ambayo hubebwa kwa malori hadi viwandani na hadi bandari ya Mtwara, na ambayo kazi yake hurudi vijijini ndani ya mfuko wa saruji. Kanisa lililojengwa kwa matofali ya saruji limejengwa kwa moto, hata kama waumini hawakuuona.

Makala haya yanakusudia mambo matatu: kueleza makaa ya mawe ni nini na hutumikaje, kupima njia nyingine zilizopo, pamoja na gharama za kila njia, na kuliuliza Neno la Mungu swali ambalo wahandisi hawawezi kulijibu peke yao, yaani, nani anapata mwanga wa moto huu, na nani anapata moshi wake?

1. Makaa ya mawe ni nini

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili yanayofanana. Mkaa ni mti uliochomwa kwa hewa kidogo ndani ya tanuri la udongo. Makaa ya mawe ni mwamba unaochimbwa ardhini. Msomaji wa Biblia na akumbuke kwamba kaa la moto lililogusa midomo ya nabii (Isaya 6), na moto wa makaa aliouwasha Bwana kando ya bahari ya Tiberia (Yohana 21), ulikuwa moto wa mkaa wa miti.

Hata hivyo mwamba huo nao ulikuwa mimea hapo kale. Makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania, kama yale ya Ngaka na Mchuchuma katika bonde la Ruhuhu, yalitokana na mimea iliyoota katika mabwawa ya matope zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mimea hiyo ilianguka majini, ikafunikwa kabla ya kuoza kabisa, ikagandamizwa na matabaka ya mchanga na udongo, ikapikwa na joto la ardhi hata ikawa mawe meusi. Nguvu iliyomo ndani yake ni nguvu ya jua la nyakati hizo, iliyowekwa akiba.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa baina ya mti na jiwe hili. Mti unapochomwa, hutoa hewa ya ukaa ambayo ulikuwa umeivuta siku za karibuni. Na mti mwingine ukiota mahali pake, hewa hiyo huvutwa tena. Makaa ya mawe hutoa hewani kitu kilichokuwa kimezikwa tangu zamani zile, na hakuna msitu uwezao kukirudisha chote ardhini kwa kasi ile ile.

Wanafunzi huuliza mara kwa mara inawezekanaje moshi uwe mzito kuliko kitu kilichochomwa. Kila kilo 12 za kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makaa, huungana na kilo 32 za oksijeni kutoka hewani na kufanya kilo 44 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo kilo moja ya kaboni hutoa zaidi ya kilo tatu na nusu za hewa hiyo. Haionekani kwa macho wala haina harufu. Ndiyo maana watu walichelewa kuihesabu.

2. Kazi za makaa ya mawe

Kazi ya kwanza ni umeme. Makaa husagwa kuwa vumbi na kuchomwa katika tanuri kubwa. Maji yaliyo katika mabomba huchemka na kuwa mvuke wenye shinikizo. Mvuke husukuma gurudumu lenye mapanga mengi. Gurudumu huzungusha jenereta. Katika mitambo ya kawaida, ni kama theluthi moja tu ya joto la makaa inayogeuka kuwa umeme. Sehemu iliyobaki hupotea. Kwa kila uniti moja ya umeme, kama tunavyoihesabu katika mita ya LUKU, huchomwa karibu nusu kilo ya makaa ya mawe na kutolewa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa.

Historia ya kazi hii ilianza huko Uingereza. Mwaka 1709 Abraham Darby aliyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuokwa, badala ya mkaa wa miti. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alitengeneza injini ya mvuke ya kuvuta maji migodini. Mwaka 1882 mtambo wa Holborn Viaduct mjini London ulianza kuuza umeme wa makaa ya mawe. Miaka 142 baadaye, tarehe 30 Septemba 2024, Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa aina hiyo, ule wa Ratcliffe-on-Soar. Nchi iliyoufungua mlango huo imeufunga, ila imeufunga baada ya kutajirika.

Tanzania haijawahi kuwa nchi ya umeme wa makaa ya mawe. Mgodi wa Kiwira, uliofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, ulikuwa na mtambo mdogo wa megawati 6. Mipango mikubwa, hasa ule wa megawati 600 wa Mchuchuma, imezungumzwa kwa miaka mingi. Kilichokua kweli ni uchimbaji wa Ngaka, ulioanza mwaka 2011, na ambao ulipata soko zaidi baada ya serikali kupiga marufuku uingizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, hata wanunuzi wa Ulaya waliyatafuta makaa ya Ruvuma, na malori yakaongezeka katika barabara ya Songea, Tunduru na Masasi kuelekea Mtwara.

Kazi ya pili ni viwanda, na hapa mfano bora ni saruji. Watu wa Kilwa hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na majumba yaliyouzunguka yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na chokaa hupatikana kwa kupanga matumbawe juu ya magogo na kuyachoma mpaka yawe meupe na mepesi. Saruji ni ndugu wa chokaa hiyo. Mawe ya chokaa na udongo huchomwa katika tanuri linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha husagwa pamoja na jasi, ambayo pia huchimbwa Kilwa, katika maeneo kama Makangaga.

Lakini jiwe la chokaa lenyewe, likichomwa, hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka katika jiwe, na sehemu nyingine hutoka katika moto. Hivyo hata moto ukibadilishwa, tatizo hupungua tu, haliishi. Mfuko mmoja wa kilo 50 huacha hewani kilo 30 hivi za hewa ya ukaa au zaidi.

3. Madhara ya karibu na ya mbali

Madhara ya karibu ni vumbi, majivu na gesi ya salfa. Vumbi la makaa huingia katika mapafu ya mchimbaji na ya mpakiaji. Majivu ya mitambo hubeba madini yenye sumu, zebaki ikiwamo, na yakitupwa ovyo huingia katika maji. Suala la vumbi linaeleweka kusini, kwa sababu bandari ya Mtwara ni bandari ya korosho pia. Ndiyo maana serikali iliamua kuwe na bandari ya pekee huko Kisiwa Mgao kwa mizigo kama makaa ya mawe na saruji.

Madhara ya mbali ni mabadiliko ya tabia ya nchi. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420. Hewa hii hulizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi linavyozuia joto la mwili.

Ushahidi mmoja wa maana juu ya jambo hili umetoka katika ardhi ya Kilwa na Lindi yenyewe. Wanajiolojia waliochoronga udongo wa pwani hiyo walikuta magamba ya viumbe wadogo wa baharini yaliyohifadhiwa vizuri kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Kutokana na magamba yaliyopatikana karibu na kijiji cha Stakishari, Paul Pearson na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba hewa ya ukaa ilipungua karibu na wakati barafu kuu ya Antaktiki ilipoanza kujengeka, yapata miaka milioni 34 iliyopita. Udongo wa Kilwa, kwa hiyo, unashuhudia kwamba hewa ya ukaa ikibadilika, dunia hubadilika pamoja nayo.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu, jambo lisilo la kawaida. Mvua ikabomoa barabara kuu katika eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Si haki kusema kwamba kimbunga fulani kililetwa na moshi wa kiwanda fulani. Ni haki kusema kwamba bahari yenye joto zaidi hutoa mvuke mwingi zaidi, na kwamba wanaolipa gharama yake kwanza ni wale waliochoma kidogo zaidi.

4. Njia nyingine na gharama zake

Ya kwanza ni gesi ya asili. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, ikipita katika bomba la kilomita 232 hivi kutoka kisiwani, kupitia Somanga, hadi Ubungo. Ikichomwa kwa kufua umeme, hutoa karibu nusu ya hewa ya ukaa ya makaa ya mawe, na haiachi majivu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kimeitumia kwa miaka mingi. Lakini gesi nayo huzikwa ardhini na ina mwisho wake. Tena, ikivuja kabla ya kuchomwa, methani iliyomo hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa, tukihesabu miaka 20 ya kwanza. Gesi ni daraja. Si mahali pa kujenga nyumba ya kudumu.

Ya pili ni maji. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kutoa umeme Februari 2024, na mashine zake zote tisa, zenye uwezo wa megawati 2,115, zilikamilika mwaka 2025. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mpango wote wa Mchuchuma. Lakini bwawa limechukua eneo ndani ya Selous. Mto ukizuiwa, mashamba ya bondeni na mikoko ya Delta huathirika. Na taifa linalotegemea maji peke yake huingia gizani mwaka wa ukame.

Ya tatu ni jua, linalofaa kwa zahanati, shule na nyumba zilizo mbali na nguzo za umeme. Gharama yake ni betri, kwa kuwa watu huhitaji taa jua likiwa limekwisha kutua.

Ya nne ni mabaki ya mazao. Kiwanda cha sukari cha TPC huko Moshi hufua umeme kwa makapi ya miwa. Huko Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yalianza kutoa gesi ya kufua umeme mwaka 2008. Kusini kuna maganda ya korosho, ambayo hutoa moto mkali, ingawa mafuta yake huwasha na moshi wake huhitaji tanuri lililotengenezwa vema.

Kutokana na hayo, maoni ya mwandishi ni haya. Kwa umeme, nchi yenye mto, gesi na jua haina sababu ya kujifunga sasa kwa mitambo mipya ya makaa ya mawe, ambayo ikijengwa leo hudai kuchoma kwa miaka 40 ili ilipe deni lake. Kwa matanuri ya saruji, ambako joto kubwa halipatikani kirahisi, badiliko litakuwa la polepole, na gesi ipewe nafasi ya kwanza. Na wachimbaji wa Mbinga, ambao wanalisha watoto wao kwa kazi hiyo, wasihesabiwe kuwa adui. Wakati wa kugeuka ukifika, wapewe kazi nyingine kabla ya kufungiwa mgodi.

5. Nani anapata mwanga?

Wapo watakaosema: Wazungu walichoma makaa ya mawe kwa miaka mia mbili na zaidi, mbona sisi tukatazwe? Hoja hii ina ukweli mzito, na mhubiri asiidharau. Waliochoma zaidi ndio wenye deni kubwa zaidi, la kupunguza na la kusaidia. Lakini hoja hiyo haithibitishi kwamba ni heri kwetu kufuata njia ile ile. Jirani akichimba kisima kikapata maji ya chumvi, haki yetu ya kuchimba pale pale haituletei maji matamu.

Tena, haki baina ya mataifa haitoshi ikiwa ndani ya taifa hakuna haki. Mwaka 2013 Mtwara ilipata machafuko, na watu wakafa, kwa sababu wananchi waliona gesi yao itachukuliwa kwa bomba hadi Dar es Salaam nao wabaki kama walivyokuwa. Kwa upande wa Kilwa, sheria huipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mapato ya kampuni. Ni kitu, na wananchi wana haki ya kusomewa hesabu yake katika mkutano wa kijiji. Lakini mama wa Mitole bado anapika kwa kuni, naye anaishi katika wilaya iliyoipa Dar es Salaam gesi.

Huko Lamu, pwani ya Kenya, kulikuwa na mpango wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la kusikiliza rufaa lilifuta kibali chake, na sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wazee wa Lamu hawakuwa wahandisi, ila walijua haki yao ya kuulizwa.

6. Kuupima moto kwa Neno

Martin Luther hakuwa mgeni wa moshi wa viwanda. Baba yake alikuwa mwenye matanuri ya kuyeyushia shaba huko Mansfeld, na matanuri hayo yalikula mkaa wa misitu. Luther alisomeshwa kwa faida ya moto. Basi sisi Walutheri hatuwezi kusema kwamba moto wa kazi ni dhambi.

Mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15). Maneno hayo mawili hayatenganishwi. Anayelima bila kutunza ni mporaji. Anayetaka kutunza kwa kuwanyima maskini jembe na taa amesahau nusu ya agizo.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anahesabu ndani ya mkate huo nyumba, shamba, serikali njema, hali njema ya hewa na majirani waaminifu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba hali ya hewa na jirani zimo katika orodha moja. Tukiomba ombi hilo kila Jumapili, twaomba mvua ya wakati wake kwa ajili ya mkulima wa Mitole. Na tukiomba, hatuna budi kutenda.

Amri ya tano hutukataza kumdhuru jirani katika mwili wake: hapa mna mapafu ya mchimbaji, na ya mama anayepuliza moto jikoni. Amri ya saba hutukataza kuchukua mali ya jirani kwa ujanja: hapa wamo wajukuu wetu, ambao hali yao ya hewa tunaitumia bila ruhusa yao. Na Paulo asema kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja nasi (Warumi 8:22). Tusiigeuze sauti hiyo kuwa ya kukata tamaa, maana Paulo aiita utungu wa uzazi.

Majirani wetu wengi huko Kilwa ni Waislamu, nao pia hukiri kwamba dunia ni ya Mungu na mwanadamu ni mwenye amana. Katika suala hili shehe na mchungaji waweza kukaa katika baraza moja bila yeyote kuficha imani yake.

7. Mambo ya kutenda

Kwanza, tuanzie jikoni kwetu. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Vyuo vyetu, shule zetu na hospitali zetu vimo katika hesabu hiyo. Chuo kinachofundisha theolojia ya uumbaji darasani na kununua magunia ya mkaa jikoni kinafundisha masomo mawili yanayopingana.

Pili, tutunze misitu kwa faida ya wenyeji. Vijiji vya Kikole na Kisangi katika wilaya ya Kilwa vilipata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya uvunaji bora wa mpingo, vikiwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Msitu wenye faida kwa kijiji hauuzwi kwa wachoma mkaa.

Tatu, tujenge kwa kiasi. Kamati ya ujenzi ya usharika iulize kama jengo linahitaji mifuko yote iliyoandikwa.

Nne, tuwafundishe washarika haki yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hudai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa, na hudai wananchi washirikishwe. Mchungaji aweza kuwasomea watu tangazo la mkutano, kuwaeleza maneno magumu, na kwenda pamoja nao.

Hitimisho

Makaa ya mawe yaliwainua wengi kutoka katika umaskini, nayo yamewaachia wengine vumbi, joto na mafuriko. Njia nyingine zipo, na kila moja ina gharama. Kazi ya Kanisa si kumchagulia mhandisi mtambo, bali kusimama mahali ambapo gharama zinagawanywa, na kuuliza kwa sauti mzigo wa nani umeongezwa bila yeye kuulizwa. Mchungaji wa Mitole hana mgodi wa kuufunga. Anao washarika wanaoishi juu ya njia ya gesi na kupika kwa kuni, nao ndio wa kwanza anaopaswa kuwauliziwa swali hilo.